Wawezeshaji wapya, mama huyo anaona?

Jumatano nimemkuta mwezeshaji mpya wa kisomo cha watu wazima amewapanga wanakisomo mstari, kila mmoja asome aya ileile kwa sauti, naye anajaza alama kwenye rejista. Nimeumia. Wadogo zangu, haya ya kupima maendeleo ya mtu mzima tulishayakosea sisi.

1. Wa kumi kwenye mstari hasomi, anakariri alichosikia kwa wale tisa. Mpe ukurasa asioujua, au mwanzishie katikati ya sentensi.

2. Umempa shikamoo mlangoni, halafu unamtangazia alama zake mbele ya mkwewe? Kaeni pembeni, mfungulie daftari lake la mwezi alioanza kisomo na la leo, aseme mwenyewe kilichobadilika.

3. Macho. Hapa nisikilizeni vizuri. Nilikuwa na mama mmoja muuza nyanya, kanizidi miaka kama ishirini. Ubaoni alikuwa hodari, hata sentensi nzima anaitiririsha. Nikimpa kitabu, anakisogeza mbali mpaka mkono unaishia, anakunja uso, kisha anasema, "Nimesahau, mwalimu." Nikaandika: hatua ya kwanza, ile ya chini kabisa. Mwezi uliofuata: hatua ya kwanza. Wa tatu nikamwambia, kwa upole kabisa, arudie silabi pamoja na wageni. Alikubali. Akakaa nao wiki mbili, hakuja tena, nami nikaandika "mtoro". Mtu aliyekuwa anafunga genge saa tisa kila siku ya kisomo, nikamwita mtoro!

Miezi ikapita. Nikamkuta kwenye mkutano wa kikoba, kaazima miwani ya mwenzake, anasoma daftari la hisa jina kwa jina, hela kwa hela. Aliponiona akaivua. "Mwalimu," akasema, "mimi nilidhani ni akili yangu." Na aliyemthibitishia hivyo kwa maandishi, miezi mitatu mfululizo, ni mimi. Sikuwahi kumuuliza, "Mama, unaona?" Macho ya karibu huanza kuchoka mtu akifika arobaini hivi, na madarasa yetu yamejaa watu wa umri huo. Anayesoma ubao akashindwa kitabu, mpimeni macho kwanza, kisomo baadaye.

4. Andikeni anachoweza. Mtihani wa taifa wa kisomo wa Tanzania wa 1975 uliwapanga watu katika hatua nne, kwa sababu kusoma hakuji siku moja. Rejista yako nayo iseme: anaandika jina lake, anasoma ujumbe wa simu, anapiga hesabu ya chenji bila kumwita mtoto.

5. Usipime siku ya mnada wala msimu wa palizi. Mtu kaamka saa kumi alfajiri, kainama shambani mpaka mchana, sasa unamtolea imla ya maneno ishirini kwenye dawati la mtoto wa darasa la kwanza, magoti yamegusa kidevu.

Siku hizi kwenye mkoba wangu wa chaki mna miwani ya kusomea, ya nguvu tatu tofauti. Yule mama alirudi. Anakaa dawati la mbele, na miwani aliyonunua mwenyewe.