Kwa mnaoanza kujenga sehemu za kijamii kwenye programu za kubeti

Mdogo wangu, huenda kazi yako ya kwanza ikawa ile niliyopewa mimi: ukanda wa majina ya washindi unaopita juu ya skrini. Unachota mikeka (orodha za mechi alizobetia mtu, ikikosewa hata moja mkeka umechanika) kwenye hifadhidata, unaweka sharti moja tu, kwamba mkeka uwe umeshinda, basi. Niliimaliza mchana mmoja na nikaridhika nayo.

Wiki chache baadaye nilikuwa kijiwe cha bodaboda Sinza nikisubiri mvua ikatike. Kijana mmoja alikuwa ameinamia simu, kidole kinafuata ukanda ule ule. "Kaka, ona, watu wanapiga hela," akaniambia, akanisomea majina saba. Mkeka wake ulikuwa umechanika mechi ya pili, na aliamini ni yeye peke yake mwenye gundu. Lile sharti langu la mstari mmoja ndilo lililomwaminisha hivyo. Tangu siku ile sikubali kuonyesha ushindi bila mikeka iliyochanika kuonekana hapo hapo, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Vinara nao usiwapange kwa ushindi mkubwa. Juu atakaa aliyebahatika mara moja na mkeka mrefu, na wengine watamwiga. Jumlisha alichoweka na alichopata kwa miezi kadhaa. Wengi watakuwa na alama ya kutoa.

Kunakili mkeka wa mtu ndiko kunahitaji umakini zaidi, maana mikeka inayosambazwa kwenye magrupu huwa mirefu. Piga hesabu: kampuni ikijiwekea asilimia 5 kwenye kila mechi, mkeka wa mechi 1 unarudisha wastani wa shilingi 95 kwa kila 100. Wa mechi 10 unarudisha kama 60 tu. Anayenakili haoni hilo, anaona malipo yameandikwa mamilioni. Kwa hiyo usimjazie dau la mwenye mkeka. Kisanduku kiwe tupu. Odi, yaani viwango vya malipo, zikibadilika, muulize upya. Na kiungo kikifunguliwa kisifike kwenye dau kabla mtu hajaingia kwa akaunti iliyothibitishwa, kwa sababu grupu la WhatsApp halijui nani hajafikisha miaka 18.

Kwenye gumzo watakuja wauza "mechi za uhakika". Ujue wanavyofanya: mmoja anawatumia watu 800 utabiri, nusu anawaambia timu hii inashinda, nusu anawaambia haishindi. Waliopata sahihi, 400, anawagawa tena, kisha 200. Baada ya mechi tatu wapo watu 100 ambao hajawahi kuwakosea. Hao ndio anaowadai pesa, na watakuapia kwamba anajua. Futa namba za simu na viungo kabla ujumbe haujaonekana, usisubiri malalamiko.

Majina: tumia la utani alilochagua mtu mwenyewe. Namba ya simu iliyofichwa tarakimu tatu jirani anaitambua.

Na kabla hujaachia toleo, fungua akaunti ya majaribio, ijifungie kubeti miezi sita kama afanyavyo anayetaka kuacha. Kisha rafiki wa mwenye akaunti ashinde, amtaje kwenye gumzo, amtumie mkeka. Simu yenye akaunti ile ikitoa hata mlio mmoja, toleo halitoki.