Maswali na majibu: GR86 mpya inateleza, au ni sisi?

Tangu nigusie hapa gari jipya la mtaani linalozunguka kati ya wachezaji wa Assetto Corsa, Toyota GR86 iliyoundwa na mashabiki, simu yangu haijapumzika. Kwa asiyeijua gemu hiyo: ni ya mbio za magari kwenye kompyuta, kazi ya Kunos Simulazioni wa Italia, ilikamilika mwaka 2014, na umri wake ndio unaotufaa sisi wa Uganda, maana inakubali laptopu ambazo gemu za leo zinazitimua mlangoni. Pia iko wazi: mwenye subira anaweza kuunda gari lake na kuliingiza. Waundaji wa hili wanataka maoni, na maoni mnayo. Mengine lakini yanahitaji kupepetwa kwanza.

Kaka, gari hili lina kasoro. Kona ya kwanza tu pale Brands Hatch, uwanja wa mbio wa Uingereza, mkia unachomoka. Gari la mashindano la GT3 napita nalo hapo bila shida. Waambie walirekebishe. (Msomaji, Jinja)

Pole, lakini bado sijashawishika. Gari la GT3 lina matairi laini yasiyo na nakshi, lina bawa linaloligandamiza chini kadiri spidi inavyopanda, na lina mtambo wa kuzuia magurudumu yasizunguke bure. GR86 uliyoipanda ina matairi ya kwenda nayo dukani.

Halafu angalia kona yenyewe. Paddock Hill, ndiyo hiyo kona ya kwanza, inapinda kulia huku barabara ikiporomoka. Ukiingia kwa spidi ya GT3, ukaogopa, ukaachia mafuta katikati ya kona, uzito wote unakimbilia mbele na magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi. Hapo hata gari halisi lingekugeuzia mgongo. Maliza kufunga breki ukiwa bado umenyooka, kisha ushike mafuta kidogo tu hadi kona iishe.

Kitu kingine: umevaa matairi gani? Kwenye ukurasa wa marekebisho utakuta aina mbili, Street (ya barabarani) na Semislicks (yanayokaribia ya mashindano), na tofauti yake si ndogo. Kumbuka pia kwamba kuteleza kumo kwenye damu ya gari hili. Toyota walipotoa GT86 mwaka 2012, kaka mkubwa wa GR86, waliifunga Michelin Primacy HP, tairi lililopatikana pia kwenye Prius, gari la kubana mafuta. Walitaka dereva wa kawaida asikie gari likicheza bila kulazimika kukimbia sana.

Kwa hiyo kuteleza peke yake si kasoro. Kasoro ingekuwa mkia kuchomoka ghafla bila dalili yoyote mikononi, au gari kuteleza kwenye spidi ileile kwa Street na kwa Semislicks. Jaribu yote mawili, kisha uandike: kona gani, gia ya ngapi, spidi gani, ulikuwa umekanyaga nini. Fundi ukimwambia "gari linalia" tu, atafungua boneti na kukufungulia bili. Waundaji wa gari hili hawana hata bili ya kukufungulia, wanafanya kwa mapenzi, na "linateleza mno" haiwasaidii kitu.

ABS, ule mtambo wa kuzuia magurudumu yasifunge kwenye breki, haifanyi kazi, magurudumu yanafunga. (Msomaji, Mbale)

Ingia kwenye misaada ya dereva. Ikiwa ABS umeizima, imezimika, hata kama gari la kweli linayo. Weka Factory, gemu itakupa kile ambacho gari lilitoka nacho kiwandani. Bado yanafunga? Basi hayo ni maoni halali, yapeleke.

Usukani ni mwepesi mno, sisikii barabara. Nina usukani wa kompyuta wa Logitech G29 na nimeweka nguvu yake ya kurudisha mkononi asilimia mia moja. (Msomaji, Ntinda, Kampala)

Hiyo asilimia mia ndiyo ninayoishuku. Mota za G29 ni ndogo. Gemu ikiomba nguvu kupita uwezo wake, kila kinachozidi kinakatwa juu, na kona kali na kona kali zaidi zinakufikia mkononi zikiwa sawa. Unaposema husikii barabara, huenda barabara inapiga kelele na usukani umeshafika ukomo wake.

Fungua kile kidirisha kinachoonyesha pedali. Kina mstari mmoja wa nguvu ya usukani. Ukiona unageuka mwekundu kila unapokata kona, punguza nguvu hadi wekundu uje mara mojamoja tu. Usukani utakuwa mwepesi kuliko sasa, nakubali, lakini utaanza kusikia tairi linapokaribia kuachia. Hakikisha pia mzunguko wa usukani uko digrii 900. Niliona mchezaji mmoja akilalamika gari "lina wasiwasi", kumbe usukani wake umefungwa kwenye digrii 270 za gari la mashindano.

Ukishafanya hayo yote na bado katikati pamelegea, andika. Lakini usisahau kwamba gari la kweli lina usukani wa umeme, si mzito kama wa lori la zamani.

Mimi GR86 sijawahi hata kuiona. Huku kwetu ni Premio, Ipsum na Noah. Nina haki gani ya kusema gari si la kweli? (Msomaji, Arua)

Swali lako limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu wengi wanaopiga kelele hawajiulizi hilo. Haki unayo, mradi useme unachoweza kukipima.

Takwimu za kiwandani ziko wazi. Injini ya lita 2.4, mkokoto (nguvu ya injini ya kuzungusha) wa Nm 250, uzito wa kama kilo 1,270 na zaidi kidogo kutegemea toleo. Lile la gia za mkono lililouzwa Ulaya linafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 6.3, na mwisho wake ni 226. Assetto Corsa ina njia iliyonyooka ya mbio za drag. Nenda pale, zima misaada, ondoka mara kadhaa ukitazama saa. Ukipata sekunde tano kamili, gari limepewa nguvu za bure. Ukipata nane, jilaumu kwanza wewe na klachi yako, halafu ujaribu tena.

Breki nazo zinapimika. Gari zuri la mtaani kwenye lami kavu linasimama kutoka kilomita 100 kwa saa ndani ya mita 35 hadi 40 hivi. Likisimama kwa mita 25, hilo si gari la mtaani.

Na usiidharau Premio yako. Inavutwa na magurudumu ya mbele, kweli, lakini umeshaona pua inavyoinama ukifunga breki, na mwili unavyolala kwenye mzunguko wa barabara. Gari la gemu lisiloinama wala kulala utalitambua upesi kuliko kijana ambaye hajawahi kushika usukani wa chuma.

GT86 ya zamani ilikuwa na shimo la nguvu katikati. Hii mpya ya gemu haina. Wamesahau? (Msomaji, Mbarara)

Hawakusahau. Injini ya lita 2.0 ilizubaa kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 hivi kwa dakika, na mkokoto wake wa Nm 205 ulikuja juu kabisa, kwenye 6,400. Hii ya 2.4 inatoa wake wote kwenye 3,700. Shimo lilizibwa Japani, si kwenye kompyuta.

Mbona usukani uko kushoto? Sisi tunaendesha kushoto mwa barabara. (Msomaji, Entebbe)

Kwa sababu aliyeunda alichagua toleo la soko hilo. Omba la usukani wa kulia, liliuzwa Uingereza na Japani kwenyewe.

Tunaweza kulipeleka kwenye murram? Lami tumechoka nayo. (Msomaji, Gulu)

Kwenye gemu hii hapana, vumbi haijui. Tafuta Richard Burns Rally ya mwaka 2004. Ni mzee, lakini mashabiki wanaiongezea njia na magari hadi leo, na laptopu yako itaiweza. Mwenye mashine nzito aende EA Sports WRC, humo Safari Rally ya Kenya ipo, vumbi na mawe yake.

Nachezea kibodi. Maoni yangu yana maana? (Msomaji, Soroti)

Kuhusu mlio wa injini, urefu wa gia, taa na dashibodi, yana maana kama ya mtu yeyote. Kuhusu usukani na kuteleza, hapana, kwa sababu gemu yenyewe inalainisha unavyobonyeza kabla gari halijapata habari. Ila andika juu kabisa kwamba unatumia kibodi, wajue wasome mistari ipi.