Hesabu picha kabla ya kutoa falanga

Kitabu cha kwanza cha meli nilichonunua hapa Lubumbashi kilikuwa na jalada la kitambaa cha buluu, pembe zimelika, na harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi. Papa aliyekuwa amekitandaza kwenye nailoni kando ya barabara aliniambia, "Elfu makumi tatu, mwanangu. Iko na mapicha mingi." Tukapatana elfu makumi mbili. Nilipokifungua nyumbani, nikaona ukingo mwembamba wa karatasi uliobaki kwenye mshono, upana wa ukucha, umekatwa kwa wembe. Picha ya Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika, ambayo orodha ya mwanzoni ilikuwa imeitaja, haikuwemo. Kilichobaki ni ile karatasi laini ya kufunikia picha, na juu yake kivuli cha rangi ya chai: bomba la moshi, mlingoti, mstari wa maji.

Niliumia sana. Tangu siku hiyo sinunui kitabu cha picha kabla ya kuhesabu. Vitabu vingi vya zamani vina orodha ya picha na ramani, mwanzoni au mwishoni. Omba kigoda, kaa, zipitie moja moja. Ramani za kukunja ndizo hupotea kwanza, maana mtu huzitundika ukutani au huziuza peke yake. Ukikuta pengo, usimgombeze muuzaji. Mara nyingi amenunua rundo zima kwa familia inayohama, hajafungua hata kimoja. Mwonyeshe tu: "Papa, hapa picha tatu zinapunguka." Bei itashuka bila maneno mengi. Na kama kitabu chenyewe ni adimu, kichukue hivyohivyo.

Watu huniuliza meli zinatuhusu nini sisi, mji usio na ziwa la kupitisha meli. Zinatuhusu. Katikati ya mwaka 1915, wakati mji wetu ukiitwa Elisabethville na ukiwa na miaka mitano tu, boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizokwenda kupigana na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika, zilipita hapa juu ya mabehewa ya treni zikitoka Cape Town. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Reli ikaishia Fungurume. Kutoka hapo zikavutwa kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu, zikapandishwa milima ya Mitumba hadi Sankisia, kisha reli tena mpaka Bukama, kisha mto Lualaba hadi Kabalo, na reli nyingine kuelekea Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka boti ya Wajerumani, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Götzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Waingereza wakaiinua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ukijua habari hizi, utaanza kuyaona makosa ya maelezo chini ya picha. Ninacho kitabu kinachoonyesha meli kubwa na kuiita Wissmann. Haiwezekani. Wissmann ilikuwa na mita 20 hivi, Götzen ilikuwa na 71. Tazama watu waliosimama sitahani, wapime na meli, utajua mwenyewe.

Kitabu kisicho na mwaka kipe umri kwa majina yake. Kikisema Elisabethville, Jadotville na Albertville, yaani Lubumbashi, Likasi na Kalemie za leo, kwa kawaida kiliandikwa kabla ya 1966. Kikisema Zaïre na Shaba, badala ya Kongo na Katanga, ni cha kati ya 1971 na 1997. Kwa vile vya Ubeljiji, tafuta nyuma ya ukurasa wa kichwa herufi D, mkwaju (/), kisha mwaka. Alama hiyo ilianza kuchapwa 1966.

Kuhusu kuvitunza, nitasema mawili. Karatasi ya picha inayong'aa ikilowa hushikamana. Usiibandue kwa nguvu, na ukitaka kuikinga mvua inapoanza, weka kabati mbali na ukuta wa nje. Na usizibe mpasuko kwa utepe wa plastiki. Baada ya miaka michache gundi yake hugeuka njano, hupenya karatasi, na doa halitoki tena.

Lakini jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: peleka kitabu kwa wazee. Katika picha za safari ya Mimi na Toutou, Waingereza wana majina na vyeo. Waliofyeka njia na kuvuta kamba wanaitwa "wenyeji", basi. Hao wa 1915 hatuwezi tena kuwauliza. Wa miaka ya 1950 bado tunao.

Mwaka jana nilimpelekea mzee mmoja wa mtaa wa Kenya hapa mjini, aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi, baba yake akiwa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, albamu ya picha za mji. Tulikaa chini ya mwembe kwenye lupango lake, yaani uani kwake. Alifungua polepole, akilamba kidole, nami nikimwomba asilambe. Akafika kwenye picha ya wanawake kwenye mstari mrefu, chini yake Kifaransa kikisema ni sokoni. Akatikisa kichwa.

"Hii si soko. Hii ni posho ya juma. Angalia mabeseni: kila mama analo moja, na hakuna anayeuza kitu."

Nikatazama. Kweli, hakuna aliyekuwa akiuza. Nikatoa penseli, kwa sababu wino huvuja hadi upande wa pili, nikayaandika maneno yake kwenye kikaratasi pembeni, pamoja na tarehe, nikakilaza kati ya kurasa hizo mbili. Yeye akakaribisha uso kwenye picha, akaanza kumtafuta mama yake.