Jua Jina la Antibiotiki Yako Kabla ya Kununua Dawa ya Maumivu

Ukiwa unameza antibiotiki na jino au mgongo ukakukaza, jua kwanza jina la hiyo antibiotiki. Dawa ya maumivu inayomfaa jirani yako huenda isikufae wewe, kwa sababu yeye anatumia kitu kingine kabisa.

Hapa Nairobi dawa nyingi hutoka dukani ndani ya kibahasha kilichoandikwa 1x3 au 2x2 kwa kalamu, basi. Tembe nyeupe zote hufanana. Mimi huomba jina na nguvu ya dawa viandikwe palepale kaunta, na muuzaji akikataa huenda duka jingine. Mfamasia aliyesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu haoni taabu kuandika.

Nililiona umuhimu wake mama yangu alipokuja kukaa nami Umoja, akapatikana na maambukizi ya njia ya mkojo. Alipewa siprofloksasini. Kabla hajamaliza dozi, magoti yakamsumbua. "Niletee tu ile diklofenaki, mwanangu." Nilishuka na pakiti ya antibiotiki mkononi, nikamwonyesha mfamasia wa mtaani.

Aliniambia diklofenaki, ibuprofeni na wenzao zikitumiwa pamoja na siprofloksasini huongeza uwezekano wa mtu kupata degedege, hasa mwenye kifafa. Ni nadra, lakini mama ana umri mkubwa na anameza dawa za presha, na hizo dawa za maumivu zinaweza kuipandisha presha na kuziumiza figo. Akanipa parasetamoli ya kawaida. Nikamuuliza, je, Panadol Extra? Akasema hapana, kila tembe ina miligramu 65 za kafeini, na siprofloksasini huuchelewesha mwili kuiondoa kafeini. Ukiongeza chai ya rangi, moyo unaenda mbio na usingizi unapaa. Na chai ya maziwa nayo isiwe ya kumezea siprofloksasini, maana maziwa huizuia dawa kuingia vizuri mwilini. Maji yanatosha. (Sisi tuliolelewa kumeza kila dawa kwa chai, hili tulishike sana.)

Parasetamoli huenda vizuri na antibiotiki nyingi za kawaida, kama amoksilini, Augmentin na Flagyl. Mtu mzima humeza tembe 1 au 2 za miligramu 500, akae angalau saa 4 kabla ya kurudia, na asizidishe tembe 8 kwa saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mgonjwa wa ini au mnywaji wa pombe nyingi aulize kwanza, kiwango chake huwa cha chini. Anayetumia dawa za TB pia aulize kliniki yake, kwani baadhi ya dawa hizo zinalielemea ini. Kinachoniogopesha zaidi ni dawa za mafua. Nyingi zina parasetamoli ndani, na mtu anaweza kupita kiwango bila kujua.

Ibuprofeni pamoja na amoksilini si tatizo kwa mtu mzima mwenye afya, akiimeza baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, pumu au ujauzito asijinunulie. Aspirini usimpe mtoto wa chini ya miaka 16.

Andika saa ya kila tembe. Dawa ya maumivu hushusha joto, ukadhani umepona na kuacha antibiotiki, au usijue kwamba haifanyi kazi. Ikiwa homa inarudi kila parasetamoli inapoisha nguvu, na umemeza antibiotiki siku 2 au 3, rudi kwa daktari na vibahasha vyote. Ukivimba midomo au uso, au pumzi ikibana, usingoje kupambazuke: nenda hospitali usiku huohuo.