Muulize Anti: Bosi yuko Nairobi, mimi niko Bridgetown

Tangu nitaje kwenye toleo lililopita kwamba niliishi Barbados, kile kisiwa cha Karibi chenye mji mkuu Bridgetown, miaka miwili nikifanya kazi kwa laptopu, barua hazijakatika. Nimechagua nne, na zile zilizofanana nimezichanganya humo humo.

Shikamoo Anti. Niko Mombasa, miaka 31, naandika programu za kampuni moja ya Nairobi na bosi amesema niishi popote mradi kazi iende. Nasikia Barbados wana kibali cha watu kama sisi. Nianzie wapi, na nijipange na pesa ngapi?

Marahaba mwanangu. Kibali kinaitwa Welcome Stamp, walikianzisha Julai 2020 wakati korona imewamaliza watalii na mahoteli yako tupu, na kinakupa miezi 12 ya kukaa kule huku unalipwa na watu wa nje. Ada ni dola 2,000 za Marekani ukiwa peke yako, 3,000 ukienda na familia. Hiyo wala usiiogope. Ogopa ile sehemu unayotamka kwamba ndani ya hiyo miezi 12 utaingiza dola 50,000 au zaidi, kwa sababu nimepata barua za vijana wa mshahara wa laki na nusu kwa mwezi, shilingi za Kenya, tayari wanaulizia bei ya nguo za kuogelea, jamani, piga hesabu kwanza, hata theluthi hufiki. Bima ya afya ni lazima, na kazi ya kampuni ya pale pale huruhusiwi hata ya kuosha vyombo. Kodi ya mapato hawakukati, ila ya nyumbani hiyo ni yako na mhasibu wako.

Kilichonitoa jasho mimi si kibali, ni njia. Kutoka kwetu hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja, lazima upitie mahali. Ukipitia Marekani unatakiwa viza hata kama unakaa kiwanjani masaa mawili tu, na London nao wanataka viza ya kupita kwa mwenye pasi ya Kenya au ya Tanzania, labda uwe tayari na viza za nchi fulani fulani. Mimi nilinunua tiketi kwanza kwa kuwa ilikuwa rahisi, nikafika kaunta na masanduku yangu mawili, dada akaangalia pasi, akaangalia kompyuta, akaniambia pole. Tiketi ikaungua. Kwa hiyo njia kwanza, tiketi baadaye.

Nyumba: pwani ya magharibi, Holetown na jirani zake, ni ya matajiri, pita kuangalia tu. Wengi wenye laptopu wanakaa kusini, Hastings na Worthing, unashuka mjini Bridgetown kwa ZR, yaani matatu yao, tena zinapiga muziki na kujaza watu vile vile kama za kwetu, nauli dola 3.50 za kule (dola yao mbili ni moja ya Marekani, haipandi haishuki tangu 1975). Usitafute nyumba kati ya Desemba na Aprili, wazungu wanakuwa wamekimbia baridi na bei inaruka. Na sokoni usishtuke, karibu kila kitu kinaletwa na meli.

Anti habari yako. Mimi niko Dar, kampuni yetu inataka niwepo hewani saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Mume wangu anasema tutazoea. Kweli tutazoea?

Mdogo wangu, mumeo ndiye atakayelala, wewe hutalala! Barbados wako nyuma yetu masaa 7 mwaka mzima, saa hawazisogezi. Saa 2 asubuhi ya Dar kule ni saa 7 usiku, na ukifunga kazi saa 11 jioni ya Dar kule ni saa 4 asubuhi. Nilijaribu hayo maisha miezi minne. Nalala saa 11 jioni jua linawaka, pazia nimelibandika na gundi, naamka saa 6 usiku napika chai, na Ijumaa ndiyo balaa kabisa maana nilikuwa jirani na kibanda cha pombe, wanacheza domino wanapigiza meza kama wanavunja nyumba, na mimi kesho yake (au leo, nilikuwa sijui tena) nina mkutano. Lakini nisiseme uongo, ikifika saa 4 asubuhi umemaliza, bahari ni yako, hakuna mtu.

Ongea na bosi akukubalie nusu siku ya pamoja, nyingine ufanye kwa wakati wako. Kama kazi yenu ni ya kupokea simu za wateja basi acha, hiyo haiwezekani. Wanaofaidi kisiwa hiki ni wenye bosi New York, wakati wa kiangazi saa ni ile ile, baridi ikija wanapishana saa moja tu. Intaneti isikutie hofu, faiba iko karibu kila mahali, ila umeme wao ni volti 115 na tundu zao ni za miguu miwili bapa, chaja ya laptopu itakubali ukiwa na adapta, pasi na blenda za Dar ziache Dar.

Assalam aleikum. Nataka kujua kuhusu chakula cha halali na kama kuna msikiti. Pia mama yangu anaogopa vimbunga. Msomaji, Unguja.

Waaleikum salaam. Misikiti ipo Bridgetown, na Waislamu wengi wa pale asili yao ni Gujarat, babu zao walikuwa wakitembeza nguo nyumba kwa nyumba kwa mkopo, kwa hiyo ukiingia dukani kwao utahisi uko Darajani. Nyama ya halali waulize hao hao. Jumamosi jihadhari, kisiwa kizima kinakula pudding and souse, hiyo ni nguruwe. Ila cou-cou utaipenda, ni unga wa mahindi unasongwa na bamia kwa mwiko wa mbao, yaani ugali umemeza mboga yake, unaliwa na wale samaki wanaoruka juu ya maji. Na shelisheli wanaichoma mkaani kama sisi.

Mama mwambie msimu wa vimbunga ni Juni mpaka Novemba. Barbados imekaa mashariki kuliko visiwa wenzake, vingi vinapita pembeni, lakini si vyote, Elsa ya Julai 2021 iling'oa mapaa na Beryl ya Julai 2024 ilipita kusini tu na bado ikavunja mashua za wavuvi. Kwa hiyo uliza paa limefungwaje kabla hujauliza mandhari. Halafu ufukweni kuna mti wa manchineel, matunda yake kama tofaa dogo la kijani, usionje, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, utomvu unababua ngozi. Mingi wameipaka rangi nyekundu. Na zile suruali za mabaka ya jeshi usipakie, raia kuvaa ni kosa, hata mtoto.

Anti, mimi mtoto wa Tanga, tayari niko huku Barbados mwezi wa tatu. Watu wa kazini kwangu wako mbali na majirani wananiangalia tu. Nimeanza kufikiri hawapendi wageni.

Mwanangu nikuulize, ukipanda ZR asubuhi unasema nini? Najua. Hakuna. Una vitu vya masikioni, unakaa. Kule mtu akiingia dukani, kwenye basi, kliniki, anaitoa "good morning" kwa wote, na wote wanaitika, usipoitoa umeshaonekana huna malezi. Si umekulia Tanga wewe? Bibi yako angekufanyaje ukipita barazani kimya? Mimi jirani yangu, mama mtu mzima, alinyamaza wiki sita, siku niliyomsalimia vizuri akaniletea shelisheli mbili na kunieleza ukoo wake wote mpaka nikachelewa mkutano.

Kesho panda ile ya saa 2, salimia kabla hujakaa, halafu niandikie.