Rubani wa jeshi asipoona tena: pa kuanzia, hapa hapa Tanga

Rubani akirudi mtaani kwake Ngamiani akiwa haoni, ndugu hukusanyika, na jambo la kwanza wanalofanya ni kumkalisha. Chai aletewe, viatu avalishwe, mlangoni asiende peke yake. Nia ni njema, lakini kukalishwa kunaua miguu haraka kuliko upofu wenyewe. Tena huyu ana mtaji ambao wengi hawana. Amefunzwa kupita ndani ya wingu bila kuona ardhi wala anga, sikio la ndani likimwambia ndege imenyooka kumbe inapinda. Amezoeshwa kuamini vipimo vya ndege kuliko mwili wake. Mafunzo ya kutembea bila kuona yaanzie hapo.

Maana hata ardhini mwili unapinda. Mtu asiyeona akijaribu kukata uwanja wa Tangamano moja kwa moja, ataenda upande bila kujua. Anahitaji mstari wa kufuata: ukuta, ukingo wa mtaro, sauti ya magari iliyobaki upande uleule. Upepo wa bahari asiutegemee, ukifika kona ya nyumba unageuka. Ngamiani inasaidia sana kwa kuwa barabara zake zina namba na zinakatana kwa mraba. Ahesabu makutano, si hatua. Hatua hufupika mtu akichoka au njia ikiwa na tope.

Fimbo nyeupe ndiyo kipimo chake sasa. Asimame wima, ncha iguse sakafu, mwisho wa juu ufike chembe cha moyo. Mwenye hatua ndefu aongeze sentimita 5 hivi. Mkono ukae katikati ya mwili, usawa wa kitovu, na kinachocheza ni kifundo cha mkono tu, si bega. Ncha ivuke upana wa mabega kidogo kila upande. Mguu wa kulia ukitangulia, ncha iwe kushoto. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mkono kuhamia nyongani: fimbo inalalia upande mmoja, na bega la pili linakutana na nguzo. Kosa jingine ni kuishika kwa nguvu. Ncha ikinasa kwenye ufa, mpini unampiga tumboni. Ashike kama anavyoshika kijiko.

Afande anayeona aibu kuibeba ajue kwamba mtindo huu ulianzia jeshini. Richard Hoover aliubuni mwaka 1944 katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Marekani, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani.

Kwenye mitaro isiyo na vifuniko, ncha isiinuliwe. Iburuzwe chini muda wote, maana ikirukaruka inaweza kuvuka shimo bila kuligusa. Na fimbo haioni juu ya kiuno. Mabati ya vibaraza, dirisha lililofunguliwa nje, mbao zilizotokeza kwenye mkokoteni, vyote vinangoja usoni. Avae kofia yenye ukingo mgumu, na penye mashaka ainue mkono wa pili mbele ya paji la uso, kiganja kikitazama nje. Baiskeli, ambazo Tanga ni nyingi na hazina sauti, zinataka jambo moja: asiruke pembeni. Mwendeshaji humkwepa aliyesimama, humgonga anayehama ghafla.

Anayemwongoza asimsukume wala asimvute kwa kidole. Asiyeona ndiye anayeshika mkono wa mwenzake, juu kidogo ya kiwiko, na kubaki nusu hatua nyuma. Kwenye ngazi kiongozi asimame kwanza, aseme kama ni kupanda au kushuka. Kwenye bajaji aupeleke mkono wa mwenzake kwenye ukingo wa paa, basi. Kuingia ataingia mwenyewe.

Mezani kuna mtego ambao rubani huuona wa mwisho. Yeye amezoea kuonyesha mwelekeo kwa uso wa saa: tatu ni kulia, tisa ni kushoto. Mtoto wa nyumbani akisema "chai iko saa tatu" anaweza kuwaza mshale wa saa tatu asubuhi, ambao uko kwenye 9. Mkono wa baba unakwenda kulia, kikombe kiko kushoto, na kinachofuata ni chai ya moto mapajani. Kubalianeni siku ya kwanza: semeni "namba tatu", "namba tisa", neno saa liachwe kabisa.

Baadhi ya waliopoteza uwezo wa kuona huona picha zisizokuwepo: nyuso, maua, watu wadogo. Hali hiyo inajulikana kwa jina la Charles Bonnet. Ubongo unajitengenezea picha kwa kukosa habari za macho. Si jini, si wazimu. Amweleze daktari wa macho, na asipelekwe kupungwa.

Akishaweza kufika ofisi ya kata kwa fimbo yake, sauti yake inahitajika huko. Ajiunge na tawi la Chama cha Wasioona Tanzania, kisha afanye alichozoea baada ya kila safari: kuandika ripoti. Malalamiko ya jumla hayafiki popote. Aandike barabara namba ngapi, mtaro una kina gani, kifuniko kimekosekana tangu lini. Ataje Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010, ambayo pia inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Kipengele hicho kimhusu yeye mwenyewe: kufundisha darasani nadharia ya urukaji na usalama hakuhitaji macho yanayoona.

Barua iende kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi wa jiji na kwa afisa ustawi wa jamii. Aende nazo tatu na ya nne ya kwake, na asiondoke kaunta kabla hiyo ya nne haijagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mwenye macho amsomee tarehe hiyo palepale, kisha aipige picha kwa simu.