Kabla hujashika skela, shika kidole cha mgonjwa

Wadogo zangu mlioanza intani juzi, jana nimepitia mafaili nikakuta moja limeandikwa fizi zinatoa damu, skeling (kukwangua ugaga wa meno kwa skela), kafundishwa kupiga mswaki, aende nyumbani. Basi. Huyo baba nilimuona kwenye benchi, kamaliza chupa mbili za maji na kaenda chooni mara tatu kabla hajaitwa. Ana miaka hamsini na kitu, meno manne ya mbele yanacheza, dalili zote za kisukari, na hakuna aliyempima sukari kidoleni! Nikamkimbilia getini nikamrudisha, mashine ikasoma 17 mmol/L, juu sana. Nawapenda ila hili siwezi kulinyamazia, maana nililifanya mimi na najua lilipoishia.

1. Majipu ya fizi yakijirudia, pima sukari siku hiyo hiyo. Nilipoanza kazi alikuja mama mmoja fundi cherehani, jipu kwenye gego la chini. Nikalitoboa, usaha ukatoka, nikampa amoksi na metro (amoksilini na metronidazo, dawa za kuua bakteria). Baada ya miezi miwili karudi, jipu liko upande wa pili. Nikafanya vilevile. Mara ya tatu nikamkalia kooni, mama hupigi mswaki wewe, akaniambia kwa upole daktari mbona napiga asubuhi na usiku, sikumwamini. Kapungua mpaka gauni linamning'inia na mimi namwambia abadilishe mswaki. Darasani nilishafundishwa hii picha na kwenye mtihani niliijibu vizuri tu, ila kitini nilikuwa naangalia jino, simuangalii mwenye jino. Miezi ikapita, binti yake akaja kuniambia mama kalazwa. Alijichoma na sindano ya cherehani mguuni, kidonda kikaoza, siku aliyofikishwa mashine ya sukari iliandika HI tu, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Walikata vidole viwili. Nikaenda wodini kumuona, juu ya kabati la kitanda kaweka mswaki mpya na dawa yake, na kabla sijasema pole akaniambia, "Daktari, leo nimeshapiga." Mpaka leo nikimpima mtu kidole namkumbuka yeye.

2. Mgonjwa mwelezeni kwamba hii kitu inakwenda pande zote mbili. Sukari ikiwa juu kinga inalegea, kidonda hakifungi, mfupa unaoshika jino unaliwa haraka. Na fizi zenye uvimbe wa muda mrefu zinamwaga kemikali za uvimbe kwenye damu, insulini inashindwa kufanya kazi yake vizuri. Ukimtibu fizi kweli kweli, mpaka chini ya ufizi, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) inashuka kwa wastani wa kama pointi 0.4 za asilimia ndani ya miezi mitatu minne. Siyo mbadala wa dawa, ila kwa mtu anayehangaika na HbA1c ya asilimia 9 huo ni msaada wa bure kabisa jamani.

3. Mvuta sigara fizi zake hazitoi damu sana, usidanganyike, ingiza probu (kijiti chenye alama za milimita) kati ya fizi na jino. Kina cha milimita 4 kwenda juu andika, usikadirie kwa macho.

4. Fizi zimeota mpaka zinafunika meno, uliza dawa: amlodipini, nifedipini, fenitoini. Usimkatizie dawa ya presha au ya kifafa, mwandikie barua daktari wake. Na kijana ambaye fizi zimevimba ghafla, zinavuja damu zenyewe, kapauka na ana homa, huyo usimguse na skela, peleka damu maabara leo leo, inaweza kuwa saratani ya damu.

5. Mwenye vali bandia ya moyo, amoksi gramu 2 saa moja kabla hujamgusa fizi, kama hana aleji, ili bakteria wa mdomoni wasishambulie vali. Lakini msiwaambie watu kwamba skeling inazuia shambulio la moyo, nimemsikia mmoja wenu. Ugonjwa wa fizi na wa moyo vinaonekana kwa watu walewale mara nyingi, ila kwamba ukitibu fizi moyo unapona, hilo bado halijathibitishwa, na mgonjwa akikuamini ataacha vidonge.

Yule baba anarudi Alhamisi, kliniki ya kisukari wameshampokea. Atakayekuwa kiti namba 2 ampime kidole kwanza, hata kama kapimwa asubuhi, halafu apime kina kwa probu na kukiandika mdomo mzima, sehemu sita kila jino. Vipimio vya sukari viko droo ya juu, angalieni tarehe kwenye kichupa. Nitakuwepo, niiteni.